Toussaint Louverture na Kifungu cha 28



Jina la Toussaint Louverture lastahili kujulikana katika Kongo yetu kuliko linavyojulikana. Aliongoza vita vya watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, na maelfu mengi ya watumwa wale walitoka katika ufalme wa Kongo na nchi zilizopakana nao. Baadhi yao walivuka bahari wakiwa wamekwisha kubatizwa, kwani mfalme Nzinga a Nkuwu alikuwa amepokea ubatizo tangu mwaka 1491.

Toussaint alizaliwa utumwani, katika shamba la Bréda, akawa mwendesha gari la farasi. Alikuwa amepata uhuru wake miaka mingi kabla ya maasi ya Agosti 1791. Alipigana kwanza upande wa Wahispania. Wafaransa walipofuta utumwa mwaka 1794, akahamia kwao. Mwaka 1798 Waingereza waliondoka wameshindwa. Alikuwa Mkatoliki asiyeficha imani yake, na katiba aliyoitangaza mwaka 1801 iliifanya dini Katoliki kuwa dini pekee ya kuungamwa hadharani.

Katiba hiyo yafaa isomwe kwa makini. Kifungu cha 3 chasema kwamba katika nchi ile hawawezi kuwapo watumwa, na kwamba utumwa umefutwa milele. Sheria chache za wakati ule zilitamka neno hilo bila kugugumia. Lakini fika kifungu cha 28: jenerali yuleyule anapewa utawala kwa maisha yake yote. Tena anaruhusiwa kumchagua kwa siri atakayemrithi, jina likifungwa kwa muhuri. Sisi Wakongomani hatuhitaji maelezo marefu juu ya mambo ya namna hiyo.

Alikuwa na sababu zake, wala si za kipuuzi. Mashamba yalikuwa yameungua; bila sukari na kahawa ya kuuza, silaha zingenunuliwa kwa nini? Aliogopa utumwa usirudi, na kweli mwaka 1802 ulirudishwa kisiwani Guadeloupe. Kwa hiyo, kwa amri ya Oktoba 1800, aliwafunga wakulima katika mashamba yaleyale ya mabwana wao wa zamani, wakipata robo ya mavuno, chini ya usimamizi wa askari. Mtu aliyekwisha kuwa huru hakuruhusiwa kwenda apendako.

Oktoba 1801 wakulima wa kaskazini waliasi. Jenerali Moïse, ambaye Toussaint alimwita mpwa wake, hakupendezwa na ukali ule, naye akashitakiwa kuwa nyuma ya maasi. Alipigwa risasi mwezi uliofuata, bila kupewa nafasi ya kujitetea. Wapo wanaomsifu Toussaint hata hapa, wakisema kiongozi hana budi kuwa mgumu. Mimi siwezi. Nawaomba, mtakapokutana katika kundi lenu, jina la Moïse litajwe pamoja na la mjomba wake, na kila mmoja aseme angesimama upande gani.

Miezi michache baadaye jeshi la Bonaparte lilitua. Juni 1802 Toussaint aliitwa kwenye mazungumzo, akakamatwa kwa hila na kupelekwa Ufaransa, katika ngome ya Joux penye baridi kali ya milimani. Kutoka humo alimwandikia Bonaparte akiomba ahukumiwe mbele ya mahakama. Hakujibiwa. Alifia gerezani tarehe 7 Aprili 1803.