Nyumba Isiyo na Moshi

Sina haja ya kumweleza msomaji njia itokayo Shella ya Malindi hata Gede, wala sitarefusha maneno juu ya magofu yenyewe, jumba la mfalme na msikiti mkuu, aliyoanza kuyafukua James Kirkman mwaka 1948 na ambayo UNESCO iliyatia katika urithi wa dunia mwaka 2024, kwani hayo yamekwisha kupata wasifu wake. Lililonishughulisha ni kijiji kidogo cha Kigiriama kilichojengwa karibu na lango, ili mgeni apate kuona jinsi mkulima wa pande zetu alivyokaa.

Kijana aliyetuongoza alikuwa na ufasaha, lakini ufasaha wa kukariri: hapa walilala, hapa walipika, pale juu uchagani waliweka mahindi yao. Ghadhabu ikanipanda, kwa maana mtu akiiacha barabara kuu akaelekea Ganze ataziona nyumba za udongo na makuti zikifuka moshi, na wenyewe, wazima kabisa, wakipalilia; kumbe huku tunahadithiwa habari zao kana kwamba ni kaumu iliyokwisha toweka duniani.

Nje ya mlango alikaa mama mmoja mtu mzima akishona makuti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mjomba,” akaniitikia, kwani ndivyo Wagiriama na Wamijikenda wenzao watuitavyo sisi Waswahili wa mjini.

“Mbona mafigani hamna hata jivu?”

“Wageni hawapendi moshi. Na nyumba haikai bila moto, mjomba. Moshi ndio ufukuzao fukusi kwenye mbegu na wadudu kwenye miti. Hebu tazama.” Akauchokora mwamba kwa ukucha, na unga wa mti ukamwagika mapajani mwake.

Nikamwuliza kwake kukoje.

“Kwangu moto hauzimiki. Lakini nyumba hii ina ua na mlinzi, wala hapana awezaye kuigusa. Yangu mimi, mwenye shamba akija kesho na karatasi yake, nitasema nini?”

Sikuwa na jawabu, na aliyezaliwa Shella hawezi kujidai mgeni wa habari hii. Nafaka ya Wagiriama ndiyo iliyopakiwa majahazini katika bandari yetu kwenda Arabuni. Na ilipotoka sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wengi walioandikishiwa mashamba walikuwa Waarabu na Waswahili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza, ilhali Mgiriama, ambaye kwake ardhi ilikuwa milki ya ukoo wala si ya karatasi, aghalabu alitoka mikono mitupu, akawa skwota juu ya udongo alioulima mwenyewe. Baada ya vita vya Wagiriama na Waingereza vya mwaka 1914, ambavyo kabla yake Mekatilili wa Menza alikuwa amewaapisha watu wake kuwakataa Waingereza, walifukuzwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki.

Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu akisikiliza. Kwa haya kidogo akasema kwamba kwao nao wanalala nyumba ya namna hii, na kwamba maneno ya “walilala” na “walipika” ndiyo aliyofundishwa. Hasira yangu juu yake ikanitoka.

Basi wanaoitunza nyumba ile, ikiwa wanaitakia uhai, nawamruhusu mama yule awashe moto kila alfajiri. Na wenye mamlaka ya ardhi katika pwani yetu nawampe hati ya mahali anapolala.