Umeme Uliochagua Mafaili

Kwa miaka minne niliwaacha watu waamini kwamba ni umeme. Haukuwa umeme. Nilikuwa mimi, na mistari miwili niliyoiandika huku nakunywa chai.

Nilikuwa natunza kompyuta za mtambo mmoja wa ilusheni, wa kutoa dhahabu kwenye kaboni, nje kidogo ya Kahama. Wenye plenti za dhahabu walituletea kaboni kutoka Geita, Katoro na Masumbwe. Tulikuwa tunaichenjua, kila mtu anaondoka na gramu zake kwenda soko la madini. Kila mzigo ulikuwa na faili lake: jina, kilo za kaboni, gramu zilizotoka. Mteja akirudi baada ya miezi mitatu kulalamika kwamba alipunjwa, faili ndilo linaloamua.

Picha za kamera ya getini zikawa zinajaza diski. Nikaandika skripti:

cd $FOLDA
find . -type f -mtime +30 -delete

Yaani ingia kwenye folda ya picha, futa kila faili lililozidi siku 30. Niliijaribu kwa mkono, ikafanya kazi safi. Nikaikabidhi kwa cron iwe inajiendesha saa nane usiku, nikaenda kulala.

FOLDA nilikuwa nimeitaja ndani ya .bashrc, ambayo husomwa ninapofungua terminali mwenyewe. Cron haiisomi. Usiku ule $FOLDA ilikuwa tupu, na cd isipopewa pa kwenda hurudi kwenye saraka ya nyumbani ya mtumiaji. Humo ndimo yalimokuwa mafaili ya wateja. Bakapu ya mwisho, ya miezi minne nyuma, nayo ilikaa humo humo. Kila kilichozidi siku 30 kikaenda.

Umeme ulikuwa umekatika kidogo usiku huohuo. Tajiri alipopiga simu, jibu nilikuwa nalo mdomoni: "Umeme umeua diski, tajiri." Akaamini. Kwetu nani asiyeamini hilo?

Kilichotuokoa ni kaunta buku za mama karani, tuliyezoea kumwita Mayu. Nilikuwa namtania kwa kuandika kila mzigo kwa kalamu wakati kompyuta ipo. Kwa jioni kumi na moja tulikaa wawili, yeye anasoma, mimi naingiza. Jioni ya tatu akavua miwani.

"Mwanangu, huu umeme ulichagua mafaili ya zamani tu? Ya mwezi huu mbona yapo?"

Nikainamia kibodi. Hakuuliza tena.

Sikuwa wa kwanza. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, alifuta kwa bahati mbaya data za seva kuu, gigabaiti 300 hivi. Walirusha kazi ya kuzirejesha mubashara YouTube, wakaeleza hadharani bakapu zipi hazikufanya kazi. Niliisoma habari hiyo zamani nikawacheka. Wao walisema; mimi nikasingizia nguzo na nyaya.

Siku hizi skripti yangu yoyote inaanza na set -u, ili jina ambalo halijawekwa liisimamishe palepale. Njia naiandika kamili, na kabla ya kutumia -delete naiendesha kwanza na -print peke yake, nisome kwa macho yangu kitakachofutwa. Bakapu inalala kwenye mashine nyingine. Ni mambo ya dakika tano, na niliyajua hata wakati ule. Uvivu tu.

Mwaka jana nilimwendea tajiri nikamweleza yote. Nilitegemea matusi. Akauliza swali moja tu: "Zile jioni za Mayu, nani alizilipa?"

Hakuna aliyezilipa. Kwa kuwa lilikuwa janga la umeme, kila mtu alijitolea.

Nikampelekea Mayu fedha zake nyumbani, na ukweli wake. Alizihesabu taratibu, akanyamaza kidogo, kisha akavuta kaunta buku akaandika tarehe, kiasi, na jina langu. Kwenye sehemu ya maelezo akaandika: umeme.