Daraja la Kwanza, Hati Hakuna

Wewe uliyezaliwa na uraia wako, huenda hujapata kuulizwa na karani, "Hati yako iko wapi?" Mdogo wangu aliulizwa hivyo mwaka 2012, siku chache baada ya kupata daraja la kwanza katika mtihani wa kidato cha sita.

Wazazi wetu waliikimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa makazi Katumba, Mpanda. Sisi tulizaliwa hapo. Mwaka 2010 Serikali iliwakubalia uraia watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, lakini hati hazikuanza kugawiwa mpaka mwishoni mwa 2014. Na mikopo ya elimu ya juu, kwa sheria ya mwaka 2004, ni ya raia. Asiye na hati ni mgeni, hata kama hajapata kuiona nchi nyingine.

Je, wewe ungeuza nini kwanza? Baba alitoa fedha yote ya tumbaku ya msimu. Mimi, fundi seremala hapa Tabora, niliuza baiskeli na randa yangu kubwa. Kwa kweli randa niliijutia zaidi. Shemeji akakopa kazini. Hata hivyo ada ya mwaka wa pili ilichelewa, kijana akalala wiki tatu chini, chumbani kwa rafiki, akinakili usiku vitabu alivyotakiwa kurudisha asubuhi.

Hati yake ilifika mwaka 2015, akiwa mwaka wa tatu. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaitia katika mkebe uleule wa stakabadhi za ada.