Maombi ya C. S. Lewis

Chanzo cha mashaka ya mwandishi C. S. Lewis juu ya maombi sicho kinachotajwa mara nyingi. Mama yake aliugua saratani huko Belfast, na Lewis, mtoto wa miaka tisa, akaomba apone. Mama alipofariki, Agosti 1908, akaomba afufuke. Hakufufuka. Hata hivyo, katika kitabu chake Surprised by Joy (1955) Lewis anasema jambo hilo halikumtikisa imani: Mungu alikuwa kwake kama mganga aliyeitwa, amalize kazi aende zake.

Kilichomwelemea ni sala zenyewe. Katika shule ya bweni nchini Uingereza alijiwekea sharti kwamba kila neno la sala ya usiku liambatane na hisia ya kweli. Ikikosekana, alianza upya. Ni adhabu kubwa kwa mtoto, na alipoacha kuamini aliona ametuliwa mzigo.

Akiwa mwalimu Oxford alirudi katika Ukristo, mwaka 1931, lakini swali halikwisha. Desemba 1953 aliwahutubia makasisi. Yesu aliahidi kwamba aombaye kwa imani hupokea. Yesu huyohuyo, Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke, ila mapenzi ya Baba yatimizwe. Mtu ataombaje akiwa na hakika ya kupewa, na papo hapo awe radhi kunyimwa? Lewis hakuwa na jibu, akawaomba makasisi wamwelekeze aombeje usiku uleule.

Mwaka 1957 mkewe, Joy Davidman, alikuwa amelazwa hospitalini, mfupa wa paja umeliwa na saratani. Kumsogeza kitandani kulihitaji watu watatu. Kasisi alimwekea mikono akamwombea. Mwaka mmoja baadaye Joy alipanda kilima kwa miguu yake. Lewis alikuwa na kila sababu ya kushangilia, lakini katika makala ya 1959 alikataa kuugeuza uponyaji huo kuwa uthibitisho: ombi huweza kukataliwa, hivyo halipimwi kama dawa. Uaminifu huo unastahili heshima kubwa.

Saratani ilirudi, Joy akafariki Julai 1960. A Grief Observed (1961), kilichotoka kwa jina la kubuni, kinasimulia mlango uliopigwa komeo mbele ya mwombaji. Kurasa za baadaye anauona haujafungwa tena, akijiuliza kama vilio vyake mwenyewe ndivyo vilivyomziba masikio.

Swali la 1953 alilirudia katika Letters to Malcolm, kilichochapishwa 1964 baada ya kifo chake. Humo anafikia kwamba ahadi ile inahusu kiwango cha imani ambacho waumini wengi hawakifikii kamwe.