Mgongo Kwanza

Nyalikungu, Maswa
Mei

Mpwa wangu Masanja,

Mama yako yuko shambani anavuna pamba. Picha ya lile blanketi la manyoya malaika ya bata nimeiona. Bei yake, ukiongeza na gharama za kulisafirisha kutoka Marekani, hapa mnadani inatoa mbuzi watano. Hilo sichangii. Nitachangia kitu kingine, ndiyo maana nakuandikia.

Mnakwenda Magamba, juu ya Lushoto, mwezi wa Julai, mlale kwenye machela za kufunga mitini. Si wazo baya, na nyinyi wanafunzi wa misitu mnajua kuomba kibali na kutumia mikanda mipana isiyochubua gome. Ila msitu ule unapanda kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ukungu wa Usambara nao usiusahau.

Anayelala kitandani ana godoro chini yake. Aliye kwenye machela, chini yake unapita upepo. Kinachotunza joto la mwili ni hewa iliyotulia ndani ya kitu kilichotuna. Ukishakilalia, uzito wako unaikamua hewa ile yote, unabaki na kitambaa kitupu. Ndiyo maana mtu anajifunika mablanketi matatu na bado mgongo unamtetemeka. Nilipokuwa mpishi wa kambi upande wa Pori la Akiba la Maswa niliwaona wageni wa namna hiyo: usiku wanajirundikia mashuka, alfajiri ndio wa kwanza kufika jikoni kwangu, na motoni wanageuza mgongo, si viganja.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende chini. Ya juu itafuata.

Kitu cha bei ndogo kabisa ni mkeka wa yoga, ule mzito usiokunywa maji. Vitundu vyake vimefungika, hivyo hata ukiulalia hausinyai wote. Usidanganyike na sponji la godoro: linabonyea mpaka linaisha, na likilowa ndiyo basi. Kasoro ya mkeka ni kwamba ni mwembamba, mabega yanabaki nje, tena unateleza usiku. Kata vipande viwili vya pembeni, viunganishwe kwenye usawa wa mabega. Kama machela yako ina kitambaa cha tabaka mbili, uchomeke katikati yake, hautahama. Vile vikinga jua vya kioo cha gari, vyenye ung'avu wa fedha, navyo vinasaidia, lakini viweke nje ya mkeka. Plastiki ikigusa ngozi inakusanya jasho, na jasho likipoa ni baridi nyingine.

Kilicho bora kuliko hivyo vyote ni blanketi linaloning'inia chini ya machela, nje, usilolilalia. Halikandamizwi, kwa hiyo linabaki limetuna. Hilo uliloniletea picha yake ndiyo kazi yake, na kulishona si uganga. Mitumbani tafuta duveti nyepesi ya nyuzi za polista, au begi la kulalia lililoharibika zipu. Fundi cherehani akunje pindo pande zote na kupitisha kamba kwenye ncha mbili, ili uzivute zifunge pasiingie upepo. Kuliningʼiniza, tumia vipande vya tyubu ya baiskeli: vinavutika ukigeuka. Liguse mgongo bila kukazwa. Likiacha nafasi, upepo utapita humo na umeshona bure. Likikazwa sana, umerudi kulekule kwa kukandamiza.

Sasa la pamba. Najua mkoa wetu wa Simiyu ndio unaoongoza nchini kwa zao hili, na najua mama yako atataka kukushonea mfarishi wa pamba safi ya shamba lake. Mshukuru, kisha uache nyumbani. Pamba inakunywa maji. Kwenye ukungu wa Magamba itakuwa na unyevu tangu jioni, itakuwa nzito, na haitakauka usiku ule. Hata fulana ya kulalia isiwe ya pamba uliyoshinda nayo ukitoka jasho. Vaa nyingine kavu, soksi na kofia.

Turubai la kufunika machela lishushe upande unakotoka upepo. Kula ushibe kabla ya kulala. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa barabara na kuviringishwa kwenye soksi, iweke mapajani.

Na hapa nakukataza kabisa, sikushauri: jiko la mkaa lisikae chini ya machela wala ndani ya turubai lililofunikwa, hata likionekana limefifia. Hewa yake ya sumu haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini, na nyuzi za duveti zikishika cheche zinayeyukia mwilini.

Ukifika likizo mwezi ujao tutaifunga machela kwenye miembe ya uani, ulale usiku mzima. Ukihisi baridi hapa Nyalikungu, Magamba hutaiweza, na bado tutakuwa na muda wa kuongeza tabaka. Nitumie vipimo vya machela, urefu na upana, wiki hii. Duveti na ujira wa fundi nalipa mimi. Lile la bata usiliagize.

Mjomba wako