Kisiki nyuma ya jiko

Wale walioniuliza kwa nini sikuonekana kwenye mkutano wa wiki iliyopita, nilikuwa Bukavu, kwa mdogo wangu. Nilivuka ziwa kwenda kusalimia mtoto mchanga, nikajikuta siku nne nzima katika mambo ya visiki.

Sisi wa Goma udongo hatuujui sana. Parsele yangu imekaa juu ya mawe ambayo Nyiragongo ilituletea mwaka 2002. Kwetu kisiki kinatolewa na baramini, kile chuma kirefu cha kuvunjia mawe. Unapasua jiwe, unafuata mzizi ndani ya ufa, unavuta. Ukimaliza, shimo linabaki limesimama wima kama ukuta, halimwangukii mtu. Kwa hiyo niliposikia kwamba shemeji ameita vijana wang'oe visiki vitatu vya mikaratusi, nilijiona fundi tayari.

Boti lilipita kando ya Idjwi, jua likatupiga, na kisha Bukavu ikaanza kuonekana. Mnaifahamu ile sura yake: rasi zinaingia ziwani kama vidole. Huko chini, kwenye nyumba za zamani za wakati mji ulipoitwa Costermansville, miti mikubwa bado iko. Inua macho upande wa Kadutu: ni malata juu ya malata, na katikati yake udongo mwekundu kama kidonda. Pale ndipo mdogo wangu anaishi. Ukisimama mlangoni kwake, miguu yako iko sawa na paa la jirani wa chini.

Mikaratusi ile ilikuwa nyuma ya jiko, kwenye ukingo kabisa. Shemeji aliikata wakati wa kiangazi, akauza mbao, na hapo hakuna wa kumlaumu, maana kulikuwa na deni la shule. Lakini mkaratusi ukiukata haufi. Chini ya ganda, karibu na udongo, kuna macho madogo yanayolala, na shina likiondoka yanaamka. Ndiyo sababu watu wanaupanda kwa ajili ya miti ya kujengea na makala: unakata, unaota tena. Kufika Septemba kila kisiki kilikuwa na kichaka kichwani. Shemeji alitaka kujenga pale chumba cha kupangisha, basi akaamua kila kitu kitoke, mpaka mzizi wa mwisho.

Vijana walichimba siku mbili. Kisiki cha kwanza kilitoka, na shimo lake lilinifika kiunoni. Usiku huo mvua ikanyesha. Asubuhi mdogo wangu alikwenda kuwasha mbabula akakuta ufa kwenye udongo, mwembamba kama uzi, umetoka kwenye shimo ukafika kwenye kona ya jiko. Kabla hatujasema neno, mama mzee wa nyumba ya chini alipanda ngazi polepole, kitenge kimejaa matope. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Binti yangu, udongo wenu umelala kwangu leo. Umelala karibu na kitanda cha wajukuu."

Nawaambia, niliona aibu kama vile shimo nilichimba mimi.

Mama huyo ndiye aliyetuletea mzee mmoja wa mtaa anayejua kazi hiyo. Mzee alizunguka shimo, akapima mteremko kwa macho, akamwambia shemeji: "Papa, mti uliuza. Mizizi usiiuze. Hiyo ndiyo inashika jiko lako." Shemeji alinyamaza. Vijana walipendekeza visiki viwili vilivyobaki vichomwe kwa mafuta machafu ya gari, mzee akakataa palepale. Moto wa kisiki unaweza kufuata mzizi chini ya ardhi, ukakaa kimya siku nyingi, kisha ukatokea mahali pengine. Na kule nyumba za mbao zimegusana bega kwa bega.

Mtoto wa kaka yangu aliye Marekani alikuwa ametutumia video ya mashine ya kusaga visiki. Gurudumu lenye meno linazunguka kwa kasi, kisiki kinakuwa unga wa mbao. Shemeji aliitazama mara tatu akiitamani. Mashine hiyo ingepita wapi? Ngazi za kwa mdogo wangu, hata bidoni ya maji unaishusha ukisali. Lakini tazameni vizuri video hizo: mashine haing'oi mizizi. Inasaga kichwa cha kisiki mpaka chini kidogo ya udongo, mizizi inabaki. Mzee alifanya hivyohivyo kwa shoka. Alifukua kuzunguka kisiki, akachuna ganda lote mpaka chini ya usawa wa udongo ili yale macho yakose pa kuotea, akachonga mbao taratibu, akafunika.

Shimo la kwanza lilijazwa tena, udongo kidogo kidogo, kila tabaka likitwangwa kwa gogo. Shimo lile lililipiwa mara mbili, kulichimba na kulijaza. Juu yake tulipasua mfereji mdogo wa kupeleka maji ya mvua pembeni, na kwenye ukingo tukapanda matete. Mizizi ya mikaratusi itaoza pole pole kwa miaka, na matete yawe yameshika nafasi yake.

Vipande vya mbao mdogo wangu alitaka kuvichanganya kwenye bustani ya lengalenga. Nilimzuia. Mbao mbichi ikioza ndani ya udongo inakula chakula cha mboga, majani yanageuka manjano. Tulivimwaga kwenye njia ya ngazi, pale panapoteleza. Kuni za kisiki kile cha kwanza ziligawanywa: nusu kwetu, nusu kwa mama wa chini. Shemeji alisema nusu ni nyingi. Mdogo wangu alimtazama tu, akabeba fungu la kwanza mwenyewe, mtoto mgongoni.

Chumba cha kupangisha, kama kitajengwa, kitakuwa upande wa barabara.

Jana usiku nilipata ujumbe wake. Ufa haujaongezeka. Kisiki cha pili kimetoa vichipukizi vinne kwa ubavu, pale ganda lilibaki kidogo. Amevivunja kwa mkono asubuhi, kabla ya kuweka sombe motoni, na mama wa chini amemwambia aangalie tena Jumamosi.