Simba, Kichwa cha Chui na Herufi

Kazi yangu ya kwanza katika duka la vyombo vya kale vya fedha jijini London ilikuwa kung'arisha vijiko. Nilikulia Mombasa kwenye meza ya mjomba wangu, sonara, kwa hiyo fedha yenyewe haikuwa ngeni kwangu. Kilichokuwa kigeni ni ile mihuri iliyogongwa nyuma ya kila mpini. Sonara wa mtaani kwetu ulimjua kwa sura na kwa ukoo. Huyu wa Uingereza, aliyekufa zamani, ulipaswa kumjua kwa herufi zilizolingana na punje ya mtama.

Mwenye duka, mzee wa Kiingereza aliyenifundisha, alinikataza kuanza na herufi hizo. Mnunuzi huanza na jina kwa sababu jina ndilo lenye bei. Sisi tulianza na simba atembeaye. Tangu 1544 simba huyo anashuhudia ubora wa madini, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Kati ya 1697 na 1720 tu ndipo sheria ilipodai fedha safi zaidi, na mahali pake pakashikwa na Britannia, mwanamke aliyeketi. Kisha mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham. Kisha mwaka.

Hapo kwenye mwaka ndipo kazi inapokolea. London imekuwa ikigonga herufi ya mwaka tangu 1478. Kwa karne nyingi herufi zilikwenda kutoka A hadi U, bila J, zikaanza upya kwa mwandiko mwingine. Lakini mwandiko nao hurudi. Herufi ndogo ya a ya 1776 inafanana mno na ile ya 1816, na anayeitegemea peke yake anaweza kukosea kwa miaka 40. Kinachomwokoa ni kodi: kuanzia Desemba 1784 hadi 1890, chombo kilicholipiwa ushuru kiligongwa kichwa cha mfalme au malkia. Kijiko chenye a pamoja na kichwa hicho hakiwezi kuwa cha 1776. Isitoshe, vijiko vya 1776 kwa kawaida viligongwa mihuri pale mpini unapoungana na kijiko chenyewe, na vya 1816 karibu na ncha ya juu.

Baada ya hayo ndipo nilipolisoma jina. Herufi nilizozipenda kuliko zote ni HB za mwandiko wa mkono, alama ya Hester Bateman. Mumewe alifariki 1760. Mwaka uliofuata mjane huyo akasajili alama yake, akaiendesha karakana ya Bunhill Row hadi 1790. Wateja walitaka niwaambie kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyezipanga zile shanga ndogo za fedha ukingoni mwa buli. Sikuwaambia. Alama hiyo ni ya mwenye karakana, anayebeba dhamana mbele ya wakaguzi. Mkono ulioshika nyundo huenda ulikuwa wa mwanawe au wa kibarua. Kwangu heshima yake haipungui hata chembe. Kubeba dhamana ya fedha yote iliyotoka mlangoni mwake ni kazi kubwa.

Kitabu cha Arthur Grimwade cha 1976 kuhusu masonara wa London hakikuondoka mezani pangu. Lakini daftari la usajili la mafundi wa vyombo vikubwa la miaka ya 1760 lilipotea, na alama nyingi za wakati huo hutambuliwa kwa kulinganisha kazi na kazi.

Jambo moja sikuliruka kamwe, hata mihuri yote ilipopatana. Kati ya 1720 na 1758 ushuru ulitozwa kwa uzito, na baadhi ya masonara walikata mihuri ya kichombo kidogo kilicholipiwa, wakailehemu kwenye kitako cha chombo kikubwa. Nilikuwa nikigeuza birika na kupumulia kitako. Mvuke ukionyesha mstari wa lehemu kuizunguka mihuri, chombo hakiingii dirishani, hata mteja awe amekishika mkononi. Kinapelekwa Goldsmiths' Hall, makao ya chama cha masonara wa London, kukaguliwa.